Darubini ya Bei ya Kati

Nilifika dukani kwa Salehe magharibi, na nilifika saa hiyo kwa makusudi. Mwuza darubini hampendi mnunuzi wa magharibi. Mchana kweupe kila kioo ni kizuri, hata kitako cha chupa. Lakini mbawala hatoki msituni mchana. Anatoka giza linapoanza kuingia, na mwindaji anayetaka kujua kioo kina thamani gani hukijaribu saa ya mbawala.

Mimi Kibwana si mtu wa kuamini-amini. Nikipewa maji nayanusa kwanza. Ndiyo maana nimefika umri huu.

Mwaka ule reli ya Wadachi ilikuwa imefika Morogoro juzijuzi tu, na kambi za vibarua zilikuwa zinataka nyama kila siku. Nilikuwa na gobori langu na cheti chake cha boma, nilikuwa na miguu mizima, na nyumbani kwangu Towelo, juu ya mto, nilikuwa na mke mjamzito. Mimba za Pili zilizotangulia zilikuwa zimeharibika. Hii ilikuwa imeshika, na nilitaka mtoto huyu akizaliwa akute nyumba yenye chakula. Macho yangu yalikuwa yanachoka. Nikachukua ngozi yangu ya chui, nikateremka mjini kutafuta darubini.

"Mluguru!" Salehe alinipigia kelele kabla sijafika barazani. "Ukungu wako uache nje huko, usinilowanishie duka!"

"Heri ukungu wetu kuliko vumbi la Wazigua," nikamjibu. "Kwenu mtu akipiga chafya nyumba haionekani."

Salehe alikuwa Mzigua, mtani wangu. Na mtani hakasirikiwi. Anakutukana, anakuchukulia kuku, anakuja msibani kwako kucheka na kuchimba kaburi, nawe huna la kusema.

"Ukifa nakuja kukuzika mwenyewe," akasema, "na majogoo yako yote ni yangu."

"Haya, kabla hujanizika nionyeshe darubini."

Akatandika jamvi barazani, akaziweka tatu.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya shaba, bei ya kutupa. Wazungu wanazitumia kutazamia wacheza ngoma wao ndani ya nyumba. Nikaielekeza mlimani nikaona uji mtupu. Nikamrudishia.

Ya bei kubwa ilikuwa mpya, na mkoba wake ulinukia ngozi. Loo, ilikuwa nzuri! Lakini ilikuwa nzito, na iling'aa mno, ikipigwa na jua mbawala wote wa Uluguru wangejua nimekuja. Tena askari akinikuta nayo angeniuliza nimeiiba kwa bwana mkubwa gani, na jibu langu lingeishia kwenye kiboko.

Ikabaki ya kati.

Rangi yake nyeusi ilikuwa imechubuka. Mkanda wake haukuwa wake, mtu alikuwa ameifunga wa ngozi ya mbuzi. Nikaikunja na kuikunjua pale katikati, haikulia. Nikaipulizia pumzi, ukungu ukapotea upesi, nao huo ndio mtihani wa milima yetu. Nikaiweka machoni.

Giza lilikuwa linaingia, lakini mle ndani kulikuwa na mwanga. Nikaona mti mmoja mmoja mgongoni mwa mlima. Nikamwona mbega anajikuna kwapa.

Nikaishusha. Moyo wangu ukaingia shaka papo hapo.

"Hii inaishinda ile ya bei kubwa," nikasema. "Kwa nini unaiuza bei ya kati?"

Salehe akatazama huku na huku. Akainama.

"Mwenyewe amekufa."

"Wenye vitu wote hufa."

"Sikiliza..." Sauti yake ikashuka. "Alikuwa Mzungu wa shamba la mpira, njia ya Kingolwira. Alikutwa barazani kwake, ameketi kitini, kifua kimetoboka. Boi wake alikuwa anamletea chai. Anasema bwana alianguka kwanza. Mlio wa bunduki ukaja baadaye."

"Baadaye lini?"

"Alipokwisha kufa."

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Wazigua kwa uongo, jamani!

"Wallahi, Kibwana. Tazama wanyama nayo, utazame na miti. Usitazame nayo kwako. Na ikikushinda usiizike mwenyewe, niite mimi. Kitu cha marehemu huzikwa na mtani."

"Ili ule majogoo yangu."

"Ndiyo," akasema, lakini hakucheka. "Ili nile majogoo yako."

Nikampa ngozi ya chui. Njiani nikafungua mkoba, nikanusa kama kawaida yangu. Ulinuka baruti. Si baruti ya zamani... ulinuka bunduki iliyopigwa sasa hivi.

Nikajiambia, Mzungu alikuwa mwindaji, ulitaka unuke marashi?

*

Sisi wawindaji wa mlimani tuna mwiko, nao wote wanaujua. Ukishavuka mto kwenda kuwinda, hutazami nyumbani mpaka umwage damu ya mnyama. Hugeuki hata ukiitwa. Mke naye hafagii uwanja wala hampi jirani moto mpaka urudi. Mjomba wangu Dadi, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa akipita mahali ambapo kwake kunaonekana anafunika uso kwa kitambaa.

Mimi windo langu nililipenda kwenye jiwe moja kubwa ng'ambo ya bonde. Kutoka pale, kwangu ni doa tu katikati ya migomba. Macho matupu hayaoni kitu, kwa hiyo sikuwa na haja ya kitambaa.

Sasa nilikuwa na darubini.

Na nilikuwa na Ahmadi moyoni. Ahmadi alikuwa tarishi wa akida, kijana wa kofia safi na mafuta kichwani. Njia ya kwao iko upande wa pili wa kijiji, lakini kila siku alikuwa akipita uwanjani kwangu. "Shikamoo, kaka Kibwana. Shemeji hajambo?" Shemeji anamhusu nini? Na Pili asubuhi ile hakuniuliza nitarudi lini. Siku zote huuliza.

Nikakaa juu ya jiwe. Jua lilikuwa linashuka, mbawala bado. Nikafikiri. Mwiko unasema usigeuke. Mimi sigeuki, nyumba iko mbele yangu. Na anayetazama si mimi, ni kioo.

Nikaielekeza kwangu.

Paa likaja karibu. Kinu kikaja. Jogoo akapita uwanjani. Nikashusha kidogo mpaka mlangoni.

Kizingitini ameketi mwanamume.

Kanzu nyeupe. Mguu mmoja ameunyoosha mbele, fimbo imelala kando yake. Amekaa kwa raha zake, kama mtu aliye kwake. Uso sikuuona, mikono ilikuwa imeufunika.

Nikaishusha darubini. Doa tu, na migomba.

Nikaipandisha tena.

Yule mtu hakuwa ameufunika uso. Alikuwa ameshika darubini.

Ananitazama.

Sikungoja mbawala. Niliteremka bonde nikapanda, nikaingia uwanjani nikihema. Pili alikuwa anachambua mboga, tumbo mbele.

"Nani amekuja hapa?"

"Hakuna aliyekuja. Mbona umerudi mikono mitupu?"

"Mwanamume wa kanzu. Ameketi hapa."

"Kibwana, tangu asubuhi sijaona hata paka."

Nikainama kizingitini nitafute nyayo. Palikuwa na vumbi laini tu, bila alama hata ya kuku. Lakini pale mlangoni, nasema kweli, palinuka baruti.

Siku zilizofuata nikawa nanusa kanga zake. Nikawa nachungulia chungu kuona wamekula watu wangapi. Akikohoa nauliza anamkoholea nani.

"Utanihesabia na pumzi sasa," Pili akasema, machozi yanamlenga. Yalinichoma, lakini nikayanyamazia. Kikulacho ki nguoni mwako.

*

Nilirudi kwenye jiwe. Nilijiambia nimefuata mbawala. Nilimwona kweli, dume zuri, amesimama ukingoni mwa msitu ananipa ubavu. Sikumtazama. Niliitazama nyumba yangu.

Alikuwepo. Kanzu ile ile, mguu ule ule umenyooka.

Na katikati ya magoti yake, mtoto.

Mtoto wa kike, wa kutosha kusimama na kukimbia, ana shanga nyekundu shingoni. Ameegemea paja la yule mtu kama mtoto anavyomwegemea baba yake.

Damu ilinipanda kichwani. Kumbe si leo! Kumbe Pili ana mtoto mzima, amemficha kwa mama yake, na mwenye mtoto huyo ndiye anayekuja kuketi mlangoni kwangu nikiwa porini!

Ndipo mkono ukainuka.

Ukanipungia. Taratibu, kwa furaha...

Nilijua gobori halifiki hata nusu ya bonde. Nilijua. Lakini mtu akikupungia mkono kutoka mlangoni kwako, hesabu hizo hupigi. Niliiachia darubini ining'inie kifuani, nikaelekeza gobori kwenye lile doa, nikavuta.

Moshi ukatoka. Bega likapigwa.

Mlio haukuja.

Mbawala hakukimbia, aliendelea kula majani. Mbega juu ya mti hata hawakugeuza vichwa. Nilisimama ndani ya moshi wangu mwenyewe, kimya, masikio yanangoja.

Kisha nikakumbuka Pili yumo ndani ya nyumba ile. Yaa Rabi! Nikakimbia. Sikufika mbali, jiwe lenye kuvu lilinitelezesha, nikaanguka korongoni, na mguu ulipovunjika huo nao mlio wake niliusikia vizuri.

Aliyenikuta ni Ahmadi, anapeleka barua ya akida. Akanibeba mgongoni mlima wote bila kulalamika. Na mimi, mwana wa watu, nilikuwa nainusa shingo yake nione kama ina harufu ya nyumba yangu. Haikuwa nayo. Ilinuka jasho.

Pili alikuwa mzima. Risasi haikuonekana popote. Si ukutani, si mlangoni, wala bondeni hakuna aliyesikia bunduki.

*

Mganga wa viungo aliufunga mguu, lakini ulipopona haukukunja tena goti. Mjomba Dadi alikuja kunitazama. Nikamwamkia, nikamweleza yote kwa kunong'ona, Pili akiwa jikoni.

Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Risasi ilianguka wapi?"

"Sijui, mjomba."

"Na mlio?"

"Sikuusikia."

Akafumbua macho.

"Mwiko ule hatukuuweka kwa mchezo," akasema. "Ukiitazama nyumba ukiwa kwenye windo, nyumba inakuwa windo. Sasa kuna risasi iko njiani. Mwite mtani wako aje aizike hiyo darubini upesi."

Nimwite Salehe? Salehe aliyeniuzia uchawi kwa bei ya kati akijua? Ningejuaje kwamba hakutumwa? Nikaitikia "Ndiyo, mjomba," na alipoondoka nikachechemea hadi nyuma ya nyumba, nikaizika mwenyewe chini ya mgomba.

Mtoto alizaliwa usiku, salama, tukamwita Chausiku. Nilipomshika nililia mbele za wanawake bila haya. Nilisahau yote. Nilikuwa nampakata kizingitini kila jioni, nikimwimbia nyimbo za porini.

Mpaka siku bibi yake, mama yake Pili, alipomletea zawadi. Alimfunga shingoni mwenyewe, anamchezesha, "Haya, mpendezee baba!"

Shanga nyekundu.

Nilitazama shanga. Nikatazama mguu wangu ulionyooka, na fimbo iliyolala kando. Siku ile nilikuwa nimevaa kanzu yangu nyeupe.

Tangu hapo sikuketi tena kizingitini. Shanga niliziiba nikazitupa mtoni, bibi akaleta nyingine, nikatupa, akaleta. Kanzu nikampa Ahmadi. Fimbo sikuweza kuiacha. Na Chausiku akinijia, "Baba, nipakate," nilikuwa namsukuma. Namsukuma mwanangu! Anasimama pale, midomo inamcheza, hajui kosa lake.

Kijijini wakasema simpendi. Jioni moja Pili akaniambia bila kunitazama, "Kama ni Ahmadi anayekusumbua, mtoto huyu si wa Ahmadi."

"Najua ni wangu," nikasema.

"Basi?"

Ningemwambia nini? Ningemwambia mtu anayetaka kumwua mume wake ni mume wake? Nikanyamaza, naye akachukua kunyamaza kwangu kuwa ndilo jibu.

*

Reli ilikuwa imekwisha kupita kwenda Tabora, na masika ya mwaka huo ilikuwa kali. Maji yalikokota udongo wote nyuma ya nyumba. Siku ya Iddi jioni Pili aliteremka mtoni, akaniacha na mtoto. Alikuwa amenishonea kanzu mpya, na siku ya Iddi huwezi kuikataa kanzu ya mkeo. Mguu ulikuwa unauma kwa baridi. Nikaketi kizingitini. Kidogo tu, nijifute matope.

Nikasikia harufu ya baruti.

"Baba, nimeokota!"

Chausiku alikuwa amesimama mbele yangu, matope mpaka kwenye viwiko, amekumbatia darubini. Mkanda ulikuwa umeoza. Vioo vilikuwa safi kabisa.

Nikamnyang'anya. Ilibidi niitupe, niingie ndani, nifunge mlango. Nalijua hilo. Lakini mimi si mtu wa kukaa bila kujua. Nikaipeleka machoni, nikatazama jiwe la ng'ambo ya bonde.

Amesimama.

Miguu yake mizima, miwili. Kijana. Mbawala dume kasimama karibu yake, wala hana habari naye. Ana darubini machoni. Sikuuona uso wake, lakini nilizijua hasira zake, maana ni zangu.

Chausiku alikuwa ameshaingia katikati ya magoti yangu, ameliegemea paja langu. Alikuwa hajapata nafasi hiyo tangu akiwa mchanga.

Nikakumbuka mkono. Kilichomfanya avute ni mkono. Basi nisipopunga hatavuta! Mkono wa kulia ulikuwa na darubini. Wa kushoto nikaukaza kwenye fimbo mpaka vidole vikauma. Sipungi. Hata inzi anitue usoni, sipungi.

Nikangoja.

Jiwe lile limo machoni mwangu. Yeye naye anangoja. Nikaanza kupata matumaini, wallahi nilianza kuyapata...

"Baba," Chausiku akanong'ona, "yule kule nani?"

Na pembeni mwa kioo, chini, nikaona kimkono chenye matope kinainuka. Kinapunga. Taratibu, kwa furaha.

Kumbe haukuwa mkono wangu.

Kule jiweni, darubini ikashuka. Gobori likapanda. Nikaona moshi.

Sijui nilinyanyukaje na mguu ule. Nilimkumbatia nikaanguka naye ndani, nikausukuma mlango kwa kisigino, nikamlalia juu. Nikangoja. Alikuwa analia chini yangu, anasema namwumiza, na mimi nasema nyamaza mama, nyamaza, nisikilize.

Pili alirudi na mtungi wake akagonga.

"Mmejifungia nini na kungali kweupe?"

Nikamvuta ndani kwa mkono, mtungi ukapasuka.

Safari hii nilituma watu kwa Salehe. Alikuja kesho yake, amepanda mlima wote na uzee wake. Nilimwamkia kwa tusi, kama ilivyo desturi. Hakunijibu tusi. Hakuuliza majogoo yako wapi. Alichukua jembe kimya, akachimba kirefu, akaizika. Mtani akikaa msibani bila kutania, hapo ndipo uogope.

"Moshi umeuona?" akaniuliza alipokuwa ananawa.

"Nimeuona."

"Mlio?"

Nikatikisa kichwa.

"Nimezika iliyokuwa yangu kuizika," akasema. "Ile iliyokwisha toka..." Hakumaliza. Akakataa hata maji ya kunywa, akateremka.

Sasa kwangu mlango hufungwa jua likianza kushuka. Naketi ndani na kuupa mlango mgongo, mgongo wangu wote, mpana kama nilivyojaliwa, na Chausiku nampakata kifuani mpaka alale. Shanga zake zinanikwaruza kidevu. Pili anakaa jikoni anatutazama, anatabasamu. Anasema Mungu mkubwa, hatimaye nimempenda mwanangu.

Namwacha aamini hivyo. Mimi nasikiliza nje.